Ufundi wa Kinaya, Kuanzia Pumwani

Mwaka 1956, Nairobi ikiwa bado chini ya Hali ya Hatari, msichana wa miaka 16 anashuka garimoshi akitokea Nyanza. Anaitwa Paulina. Amekuja kwa mumewe, Martin Were, kijana wa miaka 23 mwenye kazi na chumba cha kupanga huko Pumwani. Ana mimba, na mimba hiyo haikai. Anapelekwa hospitali. Siku ya kuruhusiwa anatoka peke yake, mji hajauzoea, njia zote machoni mwake ni moja, anapotea. Watu asiowajua wanamsitiri. Anapoufikia mlango wa chumba chao, Martin amekwisha kujiamulia mkewe alikuwa wapi na kwa nani. Anampiga.

Hivyo ndivyo Marjorie Oludhe Macgoye anavyotuingiza katika riwaya yake Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986 na kupata Tuzo ya Sinclair. Sehemu hiyo nairudia kila mara, kama mtu anayekigeuza kiti kilichochongwa vizuri ili aone viungo vimekutania wapi. Kiungo kikubwa ni mpangilio. Mwandishi mwingine angetubakiza chumbani na Martin. Tungehesabu naye saa, tungesikia majirani wakipita, hofu yake ingetuambukiza, na Paulina akitokea tungemtaka ajieleze. Macgoye ametutanguliza barabarani. Tumechoka na Paulina, tumeona aibu naye ya kuuliza njia, tumejua ni nani aliyempa pa kulala. Mlango unapofunguka sisi tunajua kila kitu, Martin hajui lolote, na Paulina hana maneno ya kumfanya aamini.

Mwandishi hasemi kitu. Hamwiti Martin mkatili wala hamlilii Paulina. Anaandika kofi jinsi lilivyopigwa, kisha anaendelea na maisha ya chumba kile: maji, jiko, majirani waliosikia na kunyamaza. Hiki ndicho kinaya kinachonivutia kuliko vyote, kile kinachojengwa kwa kugawa habari: nani ajue, nani asijue, na nani ajue mapema mno hata kujua kwake kukose faida. Msomaji anabaki na ushahidi wote mkononi na hana mahakama ya kuupeleka. Hapo anaanza kujiuliza jambo ambalo hakulifuata kitabuni: mimi ningekuwa mlangoni pale, ningekuwa nani? Mwanamume anayesoma anamjua Martin. Anaijua ile hakika inayompanda mtu kichwani usiku, akiwa peke yake na saa inasonga. Mwanamke anayesoma anaujua ule ulimi unaoganda wakati maneno yanahitajika zaidi. Jirani anajua alivyoongeza sauti ya redio.

Sikiliza pia hasira za Martin zinatoka wapi. Anajiona ndiye mtu wa mjini, aliyeelimika, mwenye kazi, anayemfungulia macho mke wa kutoka kijijini. Riwaya inachukua zaidi ya miaka 20 kuligeuza jambo hilo, na inaligeuza polepole mno hata huwezi kuonyesha ukurasa ambapo limegeuka. Paulina anajifunza kazi, anapata mshahara wake, anaujua mji, anakuwa na maoni yake. Martin anazidi kurudi nyuma. Asiyejua njia ya kurudi nyumbani anakuwa ndiye mwenye nyumba. Macgoye hakuhitaji kulisema hilo mahali popote, na naamini angelisema angeliharibu. Ustadi wake ni kumwachia msomaji nafasi ya kukumbuka mwenyewe kwamba huyu mama mwenye kujiamini ndiye yule msichana wa stesheni.

Katikati ya kitabu kuna tukio ambalo Kenya nzima inalijua. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Kukazuka mtafaruku, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Paulina alikuwa na mtoto wa kiume wakati huo, na risasi ya siku hiyo inamchukua. Siku ya kufungua hospitali. Kinaya hicho hakikubuniwa na Macgoye, historia ndiyo iliyomkabidhi, na heshima aliyoipa ni kutokigusa. Hakukipamba wala hakukirudia. Mwandishi dhaifu angetusukuma ubavuni: umeona, hospitali, umeona? Yeye aliamini kwamba mama aliyefiwa na msomaji mwenye kumbukumbu wanatosha.

Macgoye mwenyewe alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928. Alifika Kenya mwaka 1954 kama mmishonari wa kuuza vitabu, akaolewa katika ukoo wa Macgoye mwaka 1960, akawa Mkenya na mama wa Kijaluo, akafia Nairobi mwaka 2015. Mwaka aliofika ndio mwaka wa Operesheni Anvil. Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji, yakapekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini Langata, Manyani na Mackinnon Road. Mitaa hiyo ndiyo tunayoiita Eastlands. Mpaka leo iko miwili yenye majina ya wakati ule: Mbotela, jina la Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952, na Ofafa, jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyepigwa risasi mwaka 1953. Wote wawili waliuawa na Mau Mau, au ndivyo serikali ilivyosema, na serikali ikaviita vitongoji kwa majina yao. Watoto waliokulia humo waliimba shuleni sifa za Mau Mau kila Oktoba 20, sikukuu ya taifa, kisha wakarudi nyumbani Mbotela na Ofafa. Mtu aliyelelewa katika mitaa ya namna hiyo ana sababu ya kukielewa kinaya kabla ya kujua jina lake.

Riwaya ya Coming to Birth wengi hawajaisoma. Kazi ya Macgoye iliyowafikia watoto wengi zaidi wa Kenya ni shairi, “A Freedom Song”, na wengi wetu tunalikumbuka kwa jina la msichana aliye ndani yake, Atieno.

Hapa ndipo naomba msomaji anivumilie, maana shairi hili linastahili kutazamwa kwa karibu. Kisa chenyewe ni kifupi. Atieno ana miaka minane. Anakaa kwa mjomba wake. Anaosha vyombo, anatunza watoto, anaamka mapema na kulala jikoni. Halipwi, kwa kuwa ni mtoto wa dada, na mtoto wa dada halipwi mshahara. Anakua, anashika mimba, anajifungua, anafariki. Nafasi yake inajazwa upesi. Kwenye matanga kunaliwa vinono kuliko vyote alivyowahi kuonja yeye alipokuwa hai.

Sasa tazama anayesimulia. Ni mjomba. Macgoye ameliandika shairi zima kwa sauti ya mwenye lawama, na sauti hiyo ni ya mtu anayejiona mwema. Hafoki, na fimbo hashiki. Kila analolifanya analitolea sababu, na kila sababu ni ile tuliyoisikia kwenye viti vyetu vya sebuleni: ni ndugu yetu, anasaidia tu, si tunamlisha. Ubeti wa kwanza ukisomwa, darasa linaitikia kwa kichwa. Hakuna la ajabu. Jina la mtoto linarudi mwishoni mwa kila ubeti kama wimbo wa kubembeleza, na kwa kuwa ni wimbo sikio linalegea. Kufikia ubeti wa tatu au wa nne kuna kitu kinakwaruza, lakini huwezi kukisema ni kipi, maana mjomba hajabadilika hata kidogo. Ni yule yule wa mwanzo, kwa upole ule ule. Aliyebadilika ni wewe. Na matanga yanapofika, na mjomba anapojivunia ukarimu wake kaburini, unagundua kwamba umekuwa ukimkubalia mtu huyu tangu mstari wa kwanza.

Nimelelewa mitaa hii ya Eastlands. Nyumba za Buruburu, Umoja na Jericho nilizoingia utotoni zilikuwa na Atieno wao, karibu kila moja. Mgeni akija aliambiwa, “Huyu ni msichana wetu, ni kama mtoto wa hapa,” na msichana aliitikia “Shikamoo” kwa adabu, kisha akarudi jikoni ilipokuwa sahani yake. Sahani ile ilikuwa ya plastiki. Za udongo zilikaa kabatini, na alizijua vizuri kuliko mtu yeyote kwa sababu yeye ndiye aliyeziosha. Mama wa nyumba hakujiona mbaya, na hakuwa mbaya. Alikuwa mwalimu au karani, aliamka saa kumi na moja kuwahi basi, na bila msichana yule asingekwenda kazini. Macgoye alimjua mama huyo na mumewe pia. Ndiyo maana hakuwachora kama mazimwi. Angewachora hivyo, tungelimaliza shairi tukiwa salama, tukisema wapo watu wabaya duniani.

Darasani shairi hili haliwaachi watoto mahali pamoja. Kuna mvulana anayekumbuka kwamba yeye ndiye mtoto aliyebebwa mgongoni. Kuna msichana ambaye mama yake alikuja Nairobi hivyo hivyo, akiwa na miaka tisa, kwa shangazi huko Bahati, na hajawahi kulisimulia jambo hilo isipokuwa kwa vipande. Kuna anayecheka, kisha anaona jirani yake wa dawati hacheki. Wote wamesoma maneno yale yale. Mtihani huuliza Atieno ni nani, eleza sifa zake. Shairi linauliza anayesema ni nani, na kila mmoja pale ana jibu lake la siri. Sijui somo lingine lolote la shule linalomfikisha kijana hapo kwa njia hiyo. Historia inamwambia alikotoka, dini inamwambia anavyopaswa kuwa. Kinaya kinamkuta amesimama mahali fulani, tayari amekubali jambo fulani, na kinamwonyesha alipo.

Naamini watoto wa Eastlands wanaingia darasani wakiwa na sikio lililonolewa kwa kazi hii, na walionoa si walimu. Ni mchongoano. Jioni, kwenye ngazi za maghorofa ya Umoja au nyuma ya kioski cha Dandora, vijana wawili wanasimama kati ya wenzao na kuchongoana. Mmoja anasema, “Kwenu ni kudogo hadi jua ikiingia, nyinyi mnatoka.” Duara linalipuka. Mwenzake anangoja kelele zipungue, anatafuta la kujibu, naye analitoa kwao mwenzake, mama yake, viatu vyake, chakula chao cha jana. Sheria haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua: anayekasirika ameshindwa. Na jambo la kuzingatia ni kwamba aliyesema nyumba ni ndogo anaishi katika nyumba ya kipimo hicho hicho, jengo hilo hilo, mlango wa tatu. Tusi linampata naye. Wanaoshangilia linawapata vilevile. Vijana hao wanajifunza kusikia maneno yakisema jambo moja huku yakibeba jingine, na kuvaa jina walilopewa na wengine kwa muda wa mchezo, kisha kulivua wakabaki wao.

Mtaala wa Kiswahili wa Kenya umeuingiza mchongoano katika fasihi simulizi, na walioupa nafasi hiyo nawapa heko. Pungufu ni kwamba unafundishwa kama kipera cha kukaririwa: maana, sifa, umuhimu, alama sita. Mwalimu angeuchukua akauweka kando ya riwaya teule, kazi ingemrahisikia mara mia.

Kwa mfano Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 2012 na kutahiniwa kwa kidato cha nne kuanzia mwaka 2013. Walibora, ambaye tulimpoteza Aprili 2020, alikuwa fundi wa kinaya cha majina. Mtawala wa Sokomoko ni mnyang'anyi wa ardhi na mwuaji, na anaitwa Nasaba Bora. Ndugu yake ni mwalimu na mwandishi anayetukuzwa kwa kitabu alichokiiba kwa kijana maskini, na anaitwa Majisifu. Kijana mwenyewe, Amani, anachunga ng'ombe wa Nasaba Bora, na ni miongoni mwa wasomi wachache wa kweli wa mahali pale. Mtoto mchanga anatelekezwa mlangoni pake. Jina la mtoto ni Uhuru. Anaugua, hospitali haimhudumii, anakufa.

Mtu anaweza kusema majina hayo yako wazi mno, kwamba msomaji wa kwanza tu amekwisha kuyang'amua. Mimi naona Walibora alitaka yang'amuliwe mapema. Ufundi wake uko katika kinachofuata, yaani kurudiarudia. Msimulizi anamtaja mtawala yule kwa jina na cheo, Mtemi Nasaba Bora, ukurasa baada ya ukurasa, bila kutabasamu, jinsi mtangazaji wa redio anavyomtaja mheshimiwa. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya ishirini hucheki tena. Kufikia katikati ya kitabu jina limekuwa mzigo ambao mtu yule anaubeba mbele ya macho yako bila kujua anabeba nini, na kinyume chake ni Amani, ambaye hana jina lolote mbele ya watu na anaijua nafsi yake barabara. Kijana wa Kayole au Kariobangi aliyezoea kuona nyuso zikibadilika anapotaja anakoishi, iwe kwenye mahojiano ya kazi au kwa wakwe, anajua jambo hilo si la hadithi. Walibora anamwonyesha mchungaji ambaye kila mtu anamsoma vibaya, na yeye msomaji peke yake ndiye anayemsoma vizuri. Kwa muda wa kurasa hizo kijana huyo ndiye mwenye macho katika Sokomoko nzima.

Katika miaka hiyo hiyo tamthilia teule ilikuwa Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Mji ni Cheneo. Wafanyakazi wa baraza hawajalipwa, wanagoma, taka zinarundikana, zahanati haina dawa, na Meya anaandaa makaribisho ya wageni kutoka nje. Vikundi vya waigizaji vilizunguka mashuleni kuiigiza, na ukumbi ukijaa sare za shule, vicheko vilianza kabla Meya hajafungua mdomo. Vijana wa Dandora, wenye jaa la taka la mji mzima hatua chache kutoka madarasani mwao, hawakuhitaji kuelezwa Cheneo ni wapi. Lakini wakati tamthilia hiyo inaigizwa na kutahiniwa, Kenya ilikuwa haina meya. Uchaguzi wa Machi 2013 ulileta magavana, na cheo kile kikafutika. Watoto walisoma kuhusu kiongozi ambaye sheria imemwondoa, kisha wakatoka nje wakaruka taka zile zile. Arege hakuweza kulipanga hilo alipokuwa akiandika, ila alikuwa ameijenga tamthilia imara hata ikastahimili mabadiliko ya katiba.

Kinachonisikitisha ni miongozo. Kabla kitabu teule hakijafunguliwa, mwanafunzi amekwisha kununua mwongozo unaomworodheshea mbinu: kinaya, kejeli, jazanda, taswira, na kurasa zinakopatikana. Karatasi ya tatu ya Kiswahili inapomuuliza mwandishi alivyotumia kinaya, anajibu kwa hoja kumi na anapata alama zake 20, na huenda hakijawahi kumpata hata kimoja. Kinaya kinahitaji msomaji ambaye hajaambiwa. Ukimweleza mtu kwamba mjomba wa Atieno ni mnyonyaji kabla hajalisoma shairi, umemnyang'anya ule muda wa kukubaliana naye, na bila muda huo hakuna cha kugundua.

Wahome Mutahi alilijua hili vizuri kuliko wengi. Kwa miaka mingi, hadi kifo chake Julai 2003, safu yake ya Whispers katika Sunday Nation ilisomwa kwa sauti sebuleni Jumapili baada ya kanisa. Mutahi alifungwa mwaka 1986, katika msako wa kundi la siri la Mwakenya, kwa miezi 15. Alipotoka aliendelea kuandika juu ya baba mmoja mwenye kujiona mkubwa, anayemwogopa mkewe aitwaye Thatcher na kupigwa chenga na watoto wake. Baba huyo alijisimulia mwenyewe, na kila sentensi ilimvua nguo bila yeye kuhisi. Familia ilicheka, baba wa nyumba akiwemo. Halafu katikati ya kicheko mama alimtupia jicho baba, na baba akanyamaza kidogo. Mtu aliyetoka kifungoni aliamua kumshika Mkenya kwa njia hiyo, wiki baada ya wiki, na Mkenya akarudi kila Jumapili kushikwa tena. Kazi hiyo inahitaji moyo mkubwa na uvumilivu ambao sisi wasomaji hatukuushukuru ipasavyo alipokuwa hai.

Nikiwaweka pamoja Macgoye, Walibora, Arege na Mutahi, naona jambo moja wanalolishiriki licha ya lugha na umri kuwatenganisha. Hakuna hata mmoja anayemdharau msomaji wake. Kinaya kibaya, na kipo kingi siku hizi, kinamwinua msomaji juu ya watu wa kitabuni na kumwacha huko huko, akijisifu kwa werevu wake. Hawa wanne wanamwinua kwanza ili aone mbali, kisha wanamshusha katikati ya wale aliokuwa akiwatazama, jikoni kwa Atieno, mlangoni kwa Martin, sebuleni Jumapili. Anayeshushwa hivyo hatoki na jina jipya. Anatoka akiwa na shaka kidogo juu ya lile la zamani, iwe ni mtu mwema, mtu wa mjini, mtoto wa Eastlands, baba wa nyumba, na shaka hiyo inampa nafasi ya kuchagua atalibebaje.

Maktaba za Makadara na Kaloleni, zilizochakaa kwa miaka mingi mikononi mwa baraza la jiji, zimefanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Zina meza na zina mwanga. Walimu wa fasihi wa Ofafa Jericho, wa Buruburu Girls na wa shule zote za barabara ya Jogoo na Juja, nawaomba jambo dogo. Wapelekeni kidato cha tatu huko asubuhi moja bila madaftari. Someni “A Freedom Song” kwa sauti, lote, kisha mlisome tena bila kueleza neno. Halafu waulizeni ni nani anayezungumza, mnyamaze, na mwape muda wa kutosha kujibu.